Fomu za Jumatatu

Sijui nililala dakika ngapi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi siku nne mfululizo, na naona aibu kuliandika kwa sababu linafanana na mzaha. Ninachokijua ni hiki. Saa kumi na moja na dakika nane jioni, kwa saa zetu za nyumbani, niliongea redioni, nikataja mahali tulipo na urefu tulioko, kisha nikaandika muda huo kwa penseli kwenye karatasi niliyoibana pajani. Nilipoinua kichwa tena, saa ya ndege ilionyesha dakika kumi na tisa. Katikati hapo kuna dakika kumi na moja. Za mwanzo nazikumbuka kidogo: moshi mbele, jua mgongoni, mkono wa kapteni ukiteleza kutoka tumboni kwake hadi kwenye paja. Kwa hiyo labda nililala tano. Labda nane. Nikisema tano najiona mtu aliyesinzia. Nikisema nane najiona mtu mwingine kabisa, ambaye mimi mwenyewe nisingepanda ndege yake.

Mimi ni rubani msaidizi. Naandika hivyo na bado nageuka kuangalia kama kuna mtu wa kunikatalia. Nilimaliza mafunzo nikiwa na leseni mpya na saa chache za kuruka, chache kiasi kwamba kampuni kubwa hazikujibu hata barua zangu. Iliyonijibu ilikuwa ndogo, na sitaitaja. Ilikuwa na ndege za injini moja, viti kumi na viwili vya abiria na viwili vya mbele, na wakati wa kiangazi iliweka ndege moja Mpanda kwa ajili ya kupeleka watalii hifadhini na kuwavusha hadi Ziwa Tanganyika. Waliposikia ninatoka Katavi walifurahi sana. Nilidhani wamenifurahia mimi.

Mkataba ulisema nitalipwa kwa saa za hewani. Nilikaa na sentensi hiyo jioni nzima. Hewani maana yake tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Kukagua ndege alfajiri hakumo, wala kupakia mizigo, wala kumsubiri mtalii aliyechelewa kwa sababu ameona chui. Ukishinda kutwa kiwanjani na ndege haikuruka, siku hiyo hukuwa kazini, hata kama umevaa sare na jasho limekauka mgongoni mara tatu. Haya yote niliyaona kabla ya kutia sahihi. Niliona pia kwamba bila saa za kuruka hakuna atakayeniajiri, na saa hizo zinapatikana kwa mwenye ajira tu. Kampuni ilijua hivyo, na ilijua kwamba mimi najua. Wenzangu niliomaliza nao walikuwa wanauza bima na simu. Nikasaini.

Kulikuwa na sababu nyingine. Ng'ombe walionisomesha walikuwa wametengewa kazi nyingine. Baba alihamia Litapunga na mifugo yake kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa, na kundi lile dogo lilikuwa mahari ya kaka yangu. Waliuzwa ili mimi nikajifunze kuruka, kwa makubaliano kwamba nikianza kazi nitawarudisha naye aoe. Mchumba wake yupo. Watu wa kwao walikubali kusubiri, lakini kila baada ya mavuno wanatuma mtu kuuliza habari za rubani, na wote tunajua wanauliza nini.

Kapteni wangu alipangiwa chumba kwenye nyumba ya wageni. Mimi niliambiwa kwamba ni mwenyeji, nina kwetu. Kwetu ni Litapunga, na huwezi kutoka Litapunga alfajiri ukafika uwanjani kabla ndege haijawashwa. Nikapanga chumba Makanyagio kwa mama mmoja anayeuza maandazi na chapati. Miezi miwili ya kwanza nilimlipa. Wa tatu safari zilipungua, nikamwomba anivumilie. Akaniangalia mikono, akasema yeye ana miwili tu na unga ni mwingi. Tukakubaliana nikande, yeye akaange, na mambo ya kodi yaishie hapo.

Kuanzia hapo nikawa naamka saa tisa usiku. Inapokaribia saa kumi na mbili natoa unga kwenye kucha kwa kijiti, navaa shati jeupe lenye mistari miwili begani, napanda bodaboda kwenda uwanjani. Dereva wa pale kijiweni alizijua kazi zangu zote mbili. Kila asubuhi alinunua maandazi mawili kabla ya kunipakia, akiniuliza kama haya nayo yamekaguliwa kwa kiwango cha kimataifa. Nilicheka naye. Nilipendelea anicheke kuliko anihurumie.

Sasa nieleze habari ya fomu, kwa sababu bila hiyo nitaonekana nimefanya kosa moja tu. Kila rubani, kabla ya safari ya kwanza ya siku, anatakiwa kutia sahihi kwamba yuko sawa. Fomu yetu ilikuwa na mistari mitatu: nimepumzika muda unaotakiwa, sijanywa kilevi, sina ugonjwa. Unatia tiki, unaandika tarehe, unasaini. Lakini karani aliyekuja nazo alilipwa kwa siku moja ya wiki, siku nyingine akifanya kazi dukani mjini. Kwa hiyo Jumatatu alitupangia mezani fomu sita, nasi tukazisaini zote hadi ya Jumamosi. Tulizoea kama mtu anayejaza mapipa maji yakitoka. Kapteni alisaini huku akiongea na simu. Mimi ndiye niliyewahi kulifikiria, maana mimi hufikiria kila kitu: kwamba Jumatatu saa moja asubuhi nimeshathibitisha usingizi wa Jumatano, ambao sijaulala. Nililifikiria vizuri kabisa. Kisha nikaomba kalamu.

Alhamisi ile tuliondoka mapema, tukashusha watalii kwenye kiwanja cha hifadhini, tukakaa kuwasubiri wengine wa kuvushwa. Kiwanja chenyewe ni udongo na nyasi zilizofyekwa, na kibanda cha makuti chenye benchi. Mbung'o wa Katavi wanapenda nguo za rangi ya giza, na suruali yetu ya sare ni ya bluu nzito, kana kwamba aliyeichagua hajawahi kushuka huko. Tulikaa saa nne. Kapteni alijifunika magazeti miguuni. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye utani wa watu waliozunguka sana. Mbele ya abiria aliniita mdogo wangu, na tukiwa wawili aliniita kapteni mtarajiwa. Mwenzake waliyekuwa wakipokezana alikuwa ameondoka kwenda kwenye mshahara mzuri zaidi, hivyo mwezi mzima aliruka kila safari bila kapteni mwingine wa kumpumzisha. Aliniambia wao walipoanza walifagia hadi mabanda ya ndege, na kwamba njaa ya mwanzo inamjenga rubani. Nilimwitikia. Nilikuwa napiga hesabu ya muda niliokuwa macho, nikaishia njiani.

Jioni tulichukua watu tisa ziwani, wafanyakazi wa kambi za watalii waliokuwa wanakwenda likizo. Walipanda na ndoo za migebuka iliyokaushwa, na ndege nzima ikanuka samaki. Ni safari fupi. Lakini ilikuwa miezi ile watu wanachoma nyika, na hewa yote ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mbingu na nchi havikuwa na mpaka. Kapteni aliizungusha ndege kidogo kaskazini kukwepa moshi mzito, akaiacha ijiendeshe kwa otopailoti kwenye uelekeo huo.

"Ukishaupita ule, irudishe njiani," akasema. "Halafu nishikie dakika kumi."

Hiyo ilikuwa kawaida yetu. Mmoja anafumba macho, mwingine anaangalia. Nikamwambia sawa, kapteni. Nikaongea redioni, nikaandika muda.

Kilichoniamsha sikijui. Hakuna king'ora kilicholia. Mngurumo wa injini ulikuwa uleule, sindano zote mahali pake, na pembeni yangu kapteni alikuwa amelala kidevu kikiwa kifuani. Mbele, upande wa kushoto, ndani ya moshi, palikuwa na kilima. Kilikuwa chini yetu, sitaki kudanganya; nafasi ilikuwepo. Lakini hakikuwa kilima cha njia yetu. Tulikuwa tumekwenda kaskazini muda wote ule, na hakuna mtu ndani ya ndege ile aliyekuwa anaipeleka.

Niliirudisha taratibu, kwa uangalifu wa mwizi anayefunga mlango. Sikutaka hata maji kwenye chupa ya abiria yatikisike. Kapteni alipoamka tulikuwa karibu tumerudi kwenye njia, na moshi ulinisaidia kuficha yaliyobaki. Akajinyoosha.

"Umenishikia vizuri, kapteni mtarajiwa."

Nikasema asante.

Tulitua salama. Sikumbuki kutua kwenyewe. Nakumbuka nilishuka kusaidia kutoa mizigo, na mpishi mmoja wa kambi, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, alisubiri hadi wenzake wote wamechukua ndoo zao. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma yetu. Ndege yetu haina mlango wala pazia kati ya marubani na abiria.

"Dada, samahani," akasema. "Nyie huwa mnasali katikati ya safari?"

Labda nilisema ee.

"Niliwaona wote wawili mmeinamisha vichwa. Muda mrefu. Nikasema basi, na mimi nisali."

Hakutabasamu, wala hakuonekana ana hasira. Alibeba begi lake na ndoo yake, akatembea kuelekea getini ambako mke wake alikuwa anamsubiri. Kapteni aliniuliza yule bwana alitaka nini. Nikamwambia ameshukuru.

Ijumaa hatukuruka. Ingekuwa afadhali turuke, kwa sababu siku isiyo na safari kichwa changu kinazunguka chenyewe. Niliwahesabu wale watu tisa mmoja mmoja. Dada aliyekuwa anatafuna muwa na kutema maganda kwenye mfuko. Kijana aliyefunga vifungo vyote vya koti kwenye joto lile. Nilijiuliza kama kilima kingekuwa kirefu zaidi kidogo. Nilijiuliza kama upepo ungekuwa wa upande mwingine. Nilijiuliza kama mpishi atasimulia, na kwa nani, na kama asiposimulia atanyamaza kwa sababu gani. Halafu nikarudi mwanzo, kwenye dakika tano au nane.

Nina rafiki ambaye ni mhudumu wa ndege huko Dar. Naye yuko mwaka wa kwanza. Kwake malipo yanaanza mlango wa ndege unapofungwa, na yanaisha unapofunguliwa. Kuwapokea abiria na kuwashusha vikongwe ngazi ni kazi ya bure. Anaruka na mafua, masikio yakimuuma hadi machozi yanatoka chini ya wanja, kwa sababu asiporuka hapati kitu. Nilimwandikia kilichotokea. Jibu lake lilikuja haraka.

"Usiandike popote. Futa na huu ujumbe."

Nilifuta. Baadaye nikaogopa kwamba kuufuta nako ni ushahidi.

Jumamosi nayo hatukuruka, nikaanza kuamini nina malale. Nilikuwa na kila sababu: mbung'o wamenila miezi mitano, na ugonjwa ule unajulikana kwa usingizi. Nilikwenda zahanati Kawajense nikiwa nimeandika dalili zangu kwenye karatasi. Tabibu aliyenipokea, mama wa miaka kama hamsini, aliisoma karatasi yote pande mbili, akatoa damu, akaniambia nisubiri. Nikiwa kwenye benchi niligundua jambo lililonitisha kuliko kilima. Nilikuwa naomba niwe mgonjwa. Nilitaka aniite, aniambie ni malale, ili kisiwe kosa la mtu yeyote, si langu, si la kapteni, si la aliyeandika ule mkataba. Mdudu ndiye aliyefanya.

Akaniita. Akasema damu haina kitu.

"Unalala saa ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia saa nne usiku.

"Unaamka?"

Nikamwambia. Akaacha kuandika.

"Na kazi gani hiyo?"

Nilimwambia nauza maandazi. Ilikuwa kweli, na ndiyo ilikuwa rahisi kusema. Akanionea huruma kwa sauti ndogo, akanishauri nitafute msaidizi. Nilitoka pale nikiwa sina ugonjwa wowote, na nilijua kwamba Jumatatu kuna fomu sita mezani.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa wazi, ingawa sikulipenda. Nikisaini, nitaendelea kuruka, na siku moja nitamshikia tena mtu dakika kumi. Nisiposaini, nitaulizwa kwa nini, na jibu la kweli lina Alhamisi ndani yake. Nikilisema hilo nakipoteza kiti, na kwa mtu mwenye saa chache kama mimi kiti kikipotea hakirudi. Na kaka hataoa mwaka huu, labda wala ujao.

Jumapili nikaenda Litapunga kumwambia yeye kwanza. Nilidhani ndiyo heshima. Huenda nilitaka anikataze.

Mama alikuwa ametoka kanisani. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema nimekonda, ng'wanone, mwanangu, huko angani hamli? Nikamwambia tunakula. Kaka nilimkuta zizini anamfunga ndama kamba. Ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na ana mazoea ya kuongea akiwa anafanya kazi, ili usione uso wake.

"Rubani wetu," akasema. "Leo umekuja kwa miguu?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama nje ya zizi. Sikuacha kitu. Nilimwambia habari za kukanda unga, ambazo nyumbani hawakuzijua, na dakika kumi na moja, na mpishi, na fomu. Nilimweleza pia habari ya saa za hewani, kwa sababu niliona hajaielewa.

"Subiri," akasema. "Ndege ikikaa chini, hulipwi?"

"Silipwi."

"Lakini unakuwa hapohapo unailinda."

"Ndiyo."

Akacheka, si cheko la furaha. "Mchungaji wa kuajiriwa anakaa bondeni kutwa, ng'ombe wamelala, yeye kalala, na jioni siku yake ni siku. Anakunywa na maziwa. Nyie mnalipwa ng'ombe akiwa anatembea tu? Na nani aliyekubali hivyo?"

"Mimi."

Alimaliza fundo. Ndama akarudi nyuma, kamba ikakaza.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia nisubiri tena."

"Nimekuja kukuuliza."

"Hapana, dada, usiniulize mimi. Ukiniuliza mimi nitakwambia saini, maana nina miaka thelathini na moja na nalala chumba kimoja na magunia ya mpunga." Aliongea polepole, bado akiwa amenipa mgongo. "Unakumbuka mwaka ule niliposinzia, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya yule mkulima Mbende wa ng'ambo ya mto?"

Nilikumbuka kidogo. Nilikuwa mdogo.

"Baba alinipeleka jioni ileile. Mwenye shamba alikuwa hata hajaona. Njiani nikamwambia si angoje yule mtu aje mwenyewe, huenda atadhani ni ng'ombe wa wengine. Alinipiga kofi moja tu. Yale yalikuwa mahindi." Akageuka, nikauona uso wake. Ulikuwa umechoka, na ulikuwa na hasira, na hasira ile sehemu kubwa ilinielekea mimi. "Wewe ulikuwa na watu tisa. Nenda. Usinitazame hivyo, sijakusamehe ng'ombe. Nenda tu."

Hatukula pamoja siku hiyo. Alisema ana safari ya mnadani, ingawa haikuwa siku ya mnada.

Jumatatu nilifika uwanjani mapema kuliko karani. Sikukanda unga usiku huo. Nilimwambia mama mwenye nyumba siwezi, na akanijibu kwamba basi tutaongea habari za chumba. Nilipata usingizi saa saba usiku, nikaota kilima. Kapteni alikuwa anazunguka ndege akiipapasa bawa, kama anavyofanya siku zote. Watalii sita walikuwa wameshafika na kofia zao mpya.

Nilimwambia pale chini ya bawa. Nilimwambia kwamba Alhamisi hakuna aliyemshikia.

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliondoa mkono kwenye bawa.

"Dakika ngapi?"

"Sijui, kapteni. Si zaidi ya kumi na moja."

"Tulikuwa wapi ulipoamka?"

Nikamwonyesha kwenye ramani. Aliweka kidole kwenye kilima, akakiondoa haraka kana kwamba kina moto. Aliuliza nani anajua. Nikamtajia mpishi. Nikamwambia nataka kuandika taarifa, na kwamba fomu za leo sitazisaini.

"Ukiandika yako umeandika na yangu," akasema. Hakuinua sauti. "Mimi ndiye niliyekuomba dakika kumi. Nina watoto wanne, binti. Nimebakiza miaka michache tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita binti.

"Andika ulisinzia wewe. Mimi niache. Sema nilikuwa naangalia ramani."

Nililifikiria hilo. Nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria. Kwa muda wa kutembea kutoka kwenye bawa hadi kwenye meza ya karani nililigeuza kila upande. Alikuwa ametendewa vibaya kama mimi, kwa namna nyingine. Alikuwa amenifundisha kazi. Alikuwa hajawahi kunidhalilisha mbele ya mtu. Lakini taarifa ambayo kapteni yuko macho ni taarifa ya msichana mmoja mzembe. Watamwondoa msichana, wataleta mwingine mwenye saa chache, watampa mkataba uleule, naye Jumatatu ataomba kalamu.

Karani alikuwa ameshapanga fomu. Kwenye ya Jumatatu, mstari wa kwanza, niliandika hapana. Nyingine tano nilimrudishia zikiwa tupu. Alinitazama kama mtu niliyemrudishia chakula alichopika.

"Dada, sasa hizi nazifanyaje?"

Nikamwambia azilete kila siku kwa siku yake. Akasema yeye analipwa Jumatatu tu. Nikamwambia najua, na hilo nalo nitaliandika.

Nilikaa kwenye benchi, mbele ya wale watalii, nikaandika kurasa mbili kwa mkono. Niliandika saa kumi na moja na dakika nane, na kumi na tisa. Niliandika kwamba tulilala wote wawili. Niliandika tunavyosaini, na kwamba tangu saa tisa usiku wa kuamkia Alhamisi nilikuwa macho nikifanya kazi nyingine kwa sababu hii hainilipi nikiwa chini. Sentensi hiyo niliifuta mara mbili nikiona inafanana na kujitetea. Mara ya tatu niliiacha. Nilipomaliza nilimpa kapteni aisome. Aliisoma amesimama, akanirudishia, akaenda kuwaambia abiria kwamba leo ndege haitaondoka kwa wakati.

Meneja wa kampuni alipiga simu kutoka Dar kabla sijatuma. Karani alikuwa ameshampigia. Hakunifokea. Alitaka kujua kama ninaelewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameuliza chochote.

"Naelewa," nikasema.

"Hakuna abiria aliyelalamika. Hakuna kilichoharibika. Kaa na karatasi yako hadi kesho, tuongee vizuri."

Sauti yake ilikuwa ya upole sana, na upole ule ndio ulionitisha, kwa sababu niliona kwamba kesho ningekubali. Ninajijua. Nikipewa usiku mmoja wa kufikiri, nitapata sababu nzuri.

Nilimwambia kesho hapana. Nikakata simu, nikazipiga picha kurasa zote mbili juu ya benchi, nikatafuta anwani ya wanaosimamia usalama wa anga na ya kampuni, nikaziweka zote kwenye barua pepe moja ili kila mmoja aone kwamba mwenzake ameona. Nikabonyeza tuma. Ukurasa wa kwanza ulipanda. Wa pili ulikwama kwa sababu ya mtandao, nami nikatoka nje kwenye jua, nikasimama nimeinua simu juu, hadi nao ukapanda na barua ikaenda.